Mwana wa Mjane na Mizani ya Ulimwengu

Hivi karibuni nilifunga safari kutoka pwani hadi Mitunguu, kumjulia hali mpwa wangu anayesomesha kemia katika shule moja ya sekondari. Mitunguu ni mji wa soko katika Imenti Kusini, huko Meru, ukiteremka kutoka Nkubu kuelekea upande wa Tharaka. Ni nchi ya joto, lakini maji ya kumwagilia mashamba yameifanya ijae migomba, na mikungu ya ndizi hupakiwa kwenye malori kupelekwa miji mikubwa.

Sokoni nilikuta mabishano. Mama mmoja mjane alikuwa na mkungu mnene, na mchuuzi alikwisha ukadiria kwa jicho na kutaja bei. Mama akakataa katakata mpaka mkungu utundikwe kwenye mizani. Ulipotundikwa, jicho la mchuuzi likaonekana limepunja. Mpwa wangu akaninong'oneza kwamba binti wa mama huyo yuko darasani kwake, kidato cha tatu, ana akili ya kuwaka, ila karo imemshinda mama na huenda mtoto akatolewa. Na binti mwenyewe alikwisha kata tamaa na kemia, akiona ni herufi tupu zilizobandikwa ukutani.

Kesho yake nilialikwa nizungumze na darasa hilo. Mimi, msomaji, ni mtu wa chuo na msahafu, na baadaye wa kalamu na mashairi. Maabara sikuwahi kuikanyaga. Nikaitazama ile chati ya ukutani yenye vyumba vyumba, nikaona heri niwasimulie maisha ya aliyeitunga, kwani huyo naye alikuwa mtoto wa mjane.

Dmitri Mendeleev alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Tobolsk, Siberia, nchi ya Urusi. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mkuu wa shule, na mwaka ule ule wa kuzaliwa mtoto huyu akapofuka, kazi ikamtoka. Mama yake, Maria, akajifunga kibwebwe, akaendesha kiwanda cha kioo cha ndugu yake ili watoto wale. Mwaka 1847 baba akafariki. Mwaka uliofuata kiwanda kikateketea kwa moto.

Wengi wangeketi wakalia. Maria alimchukua mwanawe wa mwisho, akasafiri naye zaidi ya kilomita 2,000 hadi Moscow, kumtafutia chuo. Huko hakupokelewa. Mama hakurudi nyuma. Akaendelea hadi St. Petersburg, na mwaka 1850 kijana akapata nafasi katika chuo cha ualimu alichosomea baba yake. Muda mfupi baadaye, mwaka huo huo, mama akafariki. Alikuwa amekwisha utua mzigo wake mahali pake.

Kijana huyo alihitimu mwaka 1855, kisha akaenda Ujerumani kuongeza elimu. Mwaka 1860 alihudhuria mkutano mkubwa wa wanakemia mjini Karlsruhe. Tatizo lao lilikuwa la mizani. Kila kitu tukionacho kimejengwa kwa vitu vya asili viitwavyo elementi, kama chuma, dhahabu, shaba, oksijeni. Kila elementi ina chembe zake ndogo mno ziitwazo atomi. Atomi moja haikuweza kuwekwa kwenye mizani, kwa hiyo walilinganisha: hidrojeni, nyepesi kuliko zote, ikapewa uzito wa 1, na nyingine zikapimwa kwa hiyo. Lakini wataalamu hawakuafikiana. Huyu aliandika kaboni 6, yule 12. Huyu oksijeni 8, yule 16. Ni kama soko ambalo kila duka lina pishi yake: kwa huyu vibaba vinne, kwa yule vitatu. Katika mkutano ule Mwitaliano Cannizzaro alionyesha njia ya kupata uzito mmoja wa kuaminika, na Mendeleev akaondoka na jambo hilo moyoni.

Kufikia mwaka 1867 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Akaanza kuandika kitabu cha kufundishia, na kazi hiyo ikamlazimisha kutafuta mpango wa kuzipanga elementi, ambazo wakati ule zilijulikana 63. Wapo wanaosimulia kuwa alioteshwa usingizini, lakini miaka ya kupima na kulinganisha ilitangulia ndoto yoyote. Mwezi Machi 1869, kwa kalenda yetu, jedwali lake la kwanza likatoka.

Hapa niliwaeleza wanafunzi kwa lugha yangu ya ushairi. Katika shairi letu, neno mizani ni hesabu ya silabi. Ukihesabu nane, kina kinarudi. Mendeleev alizipanga elementi kwa uzito, akaona nazo zina vina. Lithi, yenye uzito wa 7, ni metali laini inayochachamaa majini. Hesabu kutoka kwake: ya nane, kwa zilizojulikana siku zile, ni sodi, yenye 23, nayo ni laini na huchachamaa majini vile vile. Anza tena kuhesabu kutoka sodi yenyewe, ya nane utaikuta potasi, 39, ya tabia hiyo hiyo. Mbele zaidi hatua hurefuka, lakini kina hurudi.

Basi mshairi akipewa karatasi ya kale iliyoliwa na mchwa, neno moja limetoboka, hulijua neno hilo lina mizani ngapi na linaishia kwa kina gani hata kabla ya kulipata. Ndivyo alivyofanya Mendeleev. Palipokuwa na pengo hakulificha kwa kusogeza nyingine. Alikiacha chumba wazi, na mwaka 1871 akaandika sifa za elementi zitakazokikalia. Akaziita majina ya muda kwa neno eka, ambalo ni moja kwa Kisanskriti. Sisi tuliokua karibu na maduka ya Wahindi, tukiwasikia wakihesabu ek, do, tin, neno hilo si geni.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua gali. Alipoipima akatangaza kuwa ni nzito mara 4.7 kuliko maji ya ujazo ule ule. Mendeleev, ambaye hajawahi kuiona, akamwandikia kwamba inapasa kukaribia 5.9. Mfaransa akaisafisha upya, akapima tena: 5.9. Kisha ikapatikana skandi mwaka 1879 na jerimani mwaka 1886, kila moja ikaketi chumbani mwake.

Upimaji wa namna hiyo nasi si wageni nao. Karibu miaka elfu moja iliyopita, al-Biruni alipima vito na metali kwa maji yanayomwagika chomboni, na kwa hesabu hiyo dhahabu safi ikajulikana na ya kughushi. Kila aliyepita chuoni anajua kuwa Sura ya 83 huanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo.

Mendeleev hakuwa mkamilifu. Uzeeni alikataa habari kwamba atomi ina chembe ndani yake, na ilikuwa mwaka 1913, yeye hayupo, Mwingereza Moseley alipoonyesha kuwa mpango hasa unafuata namba ya atomi, si uzito. Mwaka 1890 aliacha kazi ya chuo kikuu baada ya kumpelekea waziri malalamiko ya wanafunzi na kukataliwa. Tangu mwaka 1893 alisimamia ofisi ya vipimo na mizani ya Urusi, mpaka alipofariki mwaka 1907. Leo elementi ya 101 ina jina lake, na jedwali lina elementi 118.

Jioni mjane alikuja kumchukua binti yake. Mpwa wangu akamsimulia habari hii kwa Kimeru. Mama akauliza jambo moja tu: yule mama wa Siberia aliwahi kuliona jedwali la mwanawe? Nikamjibu kuwa hapana, alifariki miaka 19 kabla. Ila mwaka 1887 mwana aliandika kitabu cha elimu yake akakitunuku kwa mama huyo. Mjane akanyamaza, akajitwika mzigo wake, wakashika njia.

Nimekwisha rejea pwani. Mpwa wangu ameniarifu kwamba karo bado inadaiwa, na mikungu inapimwa kwa mizani. Binti yuko darasani, kiti cha mbele, karibu na chati.