Eugène Houdry: Mhandisi Aliyetafuta Dawa ya Moshi wa Magari

Mhandisi Eugène Houdry, aliyeboresha petroli ya magari kisha akageukia kutafuta dawa ya moshi wake, alizaliwa tarehe 18 Aprili 1892 huko Domont, karibu na Paris, Ufaransa. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha chuma, naye alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1911. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alitumikia kikosi cha vifaru, akajeruhiwa vibaya mwaka 1917.

Baada ya vita, mapenzi yake kwa mashindano ya magari yalimfanya atambue kuwa injini bora huhitaji mafuta bora. Alijaribu vichocheo vingi, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kumalizika, hadi akagundua kuwa udongo wenye silika na alumina, uliojaa vitundu visivyoonekana kwa macho, huweza kuvunja mafuta mazito yakawa petroli. Mwaka 1930 alihamia Marekani, na mwaka 1937 kampuni ya Sun Oil ilianza kutumia njia hiyo kwa kiwango kikubwa katika kiwanda chake cha Marcus Hook, Pennsylvania.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, njia yake ilisaidia kupatikana kwa mafuta ya ndege za Washirika. Kwa kuupinga hadharani utawala wa Vichy, Houdry alivuliwa uraia wa Ufaransa. Mwaka 1942 akawa raia wa Marekani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, taarifa za utafiti kuhusu ukungu wa moshi uliofunika jiji la Los Angeles zilimtia wasiwasi. Alianzisha kampuni ya Oxy-Catalyst, akabuni kifaa cha kufungwa kwenye bomba la moshi, na mwaka 1956 akapewa hataza. Ndani yake, platinamu hutandazwa juu ya alumina yenye vitundu, hivyo eneo kubwa la kukutana na moshi hupatikana katika umbo dogo. Humo kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua, pamoja na mabaki ya petroli, huungana na oksijeni na kugeuka hewa ya ukaa na mvuke wa maji.

Kikwazo kilikuwa madini ya risasi yaliyochanganywa katika petroli ya wakati huo. Risasi hiyo, ambayo pia hudhuru ubongo wa watoto, ilifunika kichocheo na kukiua. Houdry alifariki tarehe 18 Julai 1962 kabla kikwazo hicho hakijaondolewa.

Sheria ndiyo iliyokamilisha kazi yake. Kufuatia sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, magari mapya mengi ya Marekani yalianza kufungwa vifaa vya aina hiyo mwaka 1975, yakitumia petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwaka 2006. Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu Nairobi, lilitangaza kuwa petroli hiyo haiuzwi tena kwa magari popote duniani.