Walter Tull: Waliotukana walirudi nyumbani, aliyetukanwa akapoteza namba

Wasikilizaji wetu wa Bugarama na vijiji jirani, mnajua jinsi uwanja unavyochangamka jioni timu mbili za kata zinapokutana. Mnajua pia kwamba utani ukivuka mpaka, mchezaji huanza kuitwa majina yanayogusa rangi yake, kabila lake au maumbile yake. Wengi husema hayo ni maneno ya mpirani tu, filimbi ya mwisho ikilia yamekwisha. Leo tunawaletea maisha ya mwanasoka wa zamani ambaye kwake hayakuishia kwenye filimbi.

Walter Tull alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888 katika mji wa Folkestone, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala mweusi kutoka kisiwa cha Barbados, na babu yake alikuwa mtumwa huko. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza mzungu. Mama alifariki mwaka 1895, na mwaka 1897 baba naye akafariki. Mama wa kambo hakuweza kuwalea watoto wote peke yake, hivyo Walter na kaka yake Edward wakapelekwa kwenye kituo cha yatima cha Wamethodisti mashariki mwa London. Baadaye Edward alichukuliwa na familia moja ya Glasgow, akasoma hadi akawa daktari wa meno. Walter alibaki kituoni, akajifunza kazi ya uchapaji na kucheza mpira.

Mwaka 1908 alijiunga na Clapton, timu ya ridhaa ya London, na katika msimu mmoja wakatwaa vikombe vitatu. Tottenham Hotspur wakamwona. Mwaka 1909 walisafiri naye kwenda Argentina na Uruguay, kisha wakamsajili kuwa mchezaji wa kulipwa. Mtoto wa kituo cha yatima akawa mmoja wa wachezaji weusi wa kwanza kabisa kucheza ligi ya juu ya Uingereza. Alicheza safu ya ushambuliaji. Hakuwa na mbio nyingi, lakini alisifiwa kwa pasi zake na utulivu wake mpira unapokuwa mguuni.

Oktoba 1909 Tottenham walikwenda kucheza na Bristol City. Siku hiyo sehemu ya mashabiki wa nyumbani walimtukana Tull kwa sababu ya rangi yake. Matusi yalikuwa machafu kiasi kwamba mwandishi mmoja wa gazeti aliyekuwepo aliyalaani waziwazi, akaandika kwamba Tull alibaki mtulivu na ndiye aliyekuwa mshambuliaji bora wa Tottenham uwanjani.

Tungetegemea baada ya hapo klabu imkingie kifua. Badala yake, muda si mrefu Tull aliachwa nje ya kikosi cha kwanza, akawa mtu wa kikosi cha akiba. Wanahistoria wengi wanahusisha uamuzi huo na kelele za Bristol. Katika misimu yake yote Tottenham, alicheza mechi 10 tu za ligi na kufunga mabao 2. Waliomtukana walirudi kwao kula chakula cha jioni. Aliyetukanwa ndiye aliyepoteza namba.

Mwaka 1911 Northampton Town, chini ya kocha Herbert Chapman aliyekuja kung'ara na Arsenal, walimsajili. Hapo alipewa nafasi, akacheza mechi zaidi ya 100. Uwezo, kumbe, haukuwa umepotea.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Tull alijiandikisha Desemba 1914 katika kikosi cha jeshi kilichoundwa kwa ajili ya wanasoka. Kanuni za jeshi la Uingereza zilizuia mtu asiye na asili ya Ulaya kuwa ofisa wa kuamuru askari. Katika vita hiyo hiyo, huku kwetu maelfu ya Waafrika walibeba mizigo na bunduki chini ya makamanda wa Kizungu. Hata hivyo, Mei 1917 Tull alipandishwa kuwa luteni wa pili, akaongoza askari wazungu. Nchini Italia alivuka mto Piave usiku na askari 26, akawarudisha wote salama, na jenerali wake akampongeza kwa maandishi.

Aliuawa nchini Ufaransa tarehe 25 Machi 1918, akiwa na umri wa miaka 29. Askari wake walijaribu kuuchukua mwili wake huku risasi zikipigwa, wakashindwa. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu mjini Arras. Mwaka 1999 mnara wa kumbukumbu yake ulizinduliwa kwenye uwanja wa Northampton.

Siku hizi sheria zinamlinda mchezaji kuliko wakati wa Tull. Tangu mwaka 2024, FIFA inamruhusu mchezaji aliyebaguliwa kupishanisha mikono kwenye vifundo kumjulisha mwamuzi. Mwamuzi ana hatua tatu: kusimamisha mchezo, kuwatoa wachezaji uwanjani kwa muda, na matusi yakiendelea, kuvunja mechi.

Kwenye viwanja vyetu vya vijiji hakuna kamera, na mara nyingi hakuna hata uzio. Lakini nahodha anaweza kumwambia mwamuzi, na waandaaji wanaweza kumwita mtukanaji na kumtoa, kwa sababu anajulikana hadi kwao. Kocha naye asimtoe mchezaji anayetukanwa ili kelele zitulie. Hilo ndilo alilofanyiwa Tull, na kijana wa leo anayewekwa benchi kwa sababu hiyo huenda asipate Northampton yake.