Mwuza Nguo wa Delft

Katika nchi ya Uholanzi uko mji wenye mifereji mingi, uitwao Delft. Hapo alizaliwa Antoni van Leeuwenhoek, tarehe 24 Oktoba 1632. Baba yake alikuwa msusi wa vikapu, naye alikufa mtoto akiwa bado mdogo sana. Antoni hakuingia chuo kikuu, wala hakujifunza Kilatini, iliyokuwa lugha ya wenye elimu wa Ulaya siku zile. Alipopata miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya nguo. Na mwaka wa 1654 akarudi kwao, akaoa, akafungua duka lake mwenyewe.

Wauza nguo wa zamani zile walitumia kioo cha kukuzia ili kuhesabu nyuzi, wapate kujua nguo iliyo imara na iliyo hafifu. Lakini Antoni hakutosheka na kuona nyuzi tu. Akaanza kujitengenezea vioo usiku na mchana, akivisugua kwa uvumilivu mwingi. Vingine vilikuwa vidogo kuliko punje ya mtama. Kila kioo alikitia katika tundu baina ya mabati mawili madogo ya shaba. Nyuma yake aliweka sindano ya kushikia kitu cha kutazamwa, na skrubu za kukisogeza. Chombo chote kilienea kiganjani. Mtu hukileta karibu kabisa na jicho, akaelekea penye mwanga. Kimoja kilichobaki hata leo hukuza kitu yapata mara 270.

Kwa chombo hicho alitazama mwiba wa nyuki, na chawa, na ukungu wa chakula. Mwaka wa 1673 habari zake zikapelekwa London, kwa chama cha wenye elimu kiitwacho Royal Society. Aliandika kwa Kiholanzi, lugha yake ya dukani, nao wakafasiri.

Hata mwaka wa 1676 akataka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi. Alidhani labda ina miiba midogo isiyoonekana. Basi akaloweka punje zake katika maji ili zilainike, akaziacha muda wa majuma matatu. Alipotazama tone la maji yale, hakuona miiba, bali aliona vidudu hai wengi mno, wakienda huko na huko. Walikuwa wadogo hata akakadiria kwamba mia wakipangwa mstari mmoja, wasingetimiza urefu wa punje moja ya mchanga.

Akaandika habari hizo London. Wenye elimu wakastaajabu, na wengi wakaona shaka. Walijaribu kutazama wenyewe, wasione kitu. Hapo jina la Antoni lilikuwa hatarini; maana mtu asiye na elimu ya chuo, akisema ameona jambo ambalo hapana mwingine aliyeliona, ni rahisi kuitwa mwongo. Yeye hakukasirika. Aliwaita watu wanane wa kuaminika, miongoni mwao wachungaji wa kanisa, wakatazama kwa macho yao, wakatia ushuhuda wao katika maandishi. Na huko London, Robert Hooke akatengeneza vioo vilivyo bora, akajaribu tena. Na mwezi wa Novemba 1677 wanachama waliokusanyika wakawaona vidudu wale. Mwaka wa 1680 mwuza nguo wa Delft akafanywa mwanachama wa Royal Society.

Tangu hapo hakuacha kuchungua. Ingawa alisafisha meno yake kwa chumvi kila siku, mwaka wa 1683 alichukua utando mweupe uliobaki baina ya meno, akakuta vidudu humo pia. Akakadiria kwamba waliomo kinywani mwake ni wengi kuliko watu wote wa nchi yake. Tena watu wengi wakati ule waliamini kwamba fukusi huzaliwa na nafaka yenyewe, na viroboto huzaliwa na mavumbi. Antoni aliwafuga, akawatazama siku kwa siku. Akaona yai, kisha funza atokaye katika yai, kisha funza hujifunga katika utando, na mwisho hutoka kiroboto aliye kama wazazi wake. Basi ikadhihirika kwamba hata kiumbe mdogo namna hiyo huzaliwa na mwenziwe.

Sifa zake zikaenea. Mwaka wa 1698 Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, alipokuwa safarini Uholanzi, alionyeshwa naye damu ikipita katika mishipa ya mkunga hai.

Lakini jambo moja Antoni alilificha. Vioo vyake vilivyo bora kabisa hakutaka kuviuza, wala hakumfundisha mtu jinsi ya kuvitengeneza. Alikufa tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na miaka 90, na siri ile akaenda nayo. Vyombo 26 vya fedha alivyowaachia Royal Society vilipotea baadaye.

Yeye hakujua ya kuwa baadhi ya vidudu wa namna ile huleta maradhi. Jambo hilo lilithibitishwa katika karne ya 19 na watu kama Louis Pasteur na Robert Koch, ambaye mwaka wa 1882 alimtambulisha kijidudu cha kifua kikuu. Lakini wote walipita njia iliyofunguliwa na mwuza nguo huyo. Maji ya pilipili, funza wa nafaka na utando wa meno vilikuwa mbele ya watu wote tangu zamani. Yeye alivitazama kwa subira, na alipotiliwa shaka, aliwaita wengine waje watazame.