Erik Widmark, mwanasayansi aliyezipa mahakama kipimo cha ulevi

Mwanzoni mwa karne iliyopita, dereva aliyeshukiwa kulewa alipimwa kwa macho na pua. Daktari alinusa pumzi yake, akatazama mwendo wake na kusikiliza matamshi yake. Mzoefu wa pombe aliweza kuupita mtihani huo, ilhali aliyeumia kichwani angeweza kudhaniwa mlevi.

Erik Widmark, msomi wa Sweden aliyezaliwa mwaka 1889, ndiye aliyeiondoa hukumu hiyo katika kubahatisha. Akiwa katika Chuo Kikuu cha Lund, mwaka 1922 alichapisha njia ya kupima kileo kwa matone machache ya damu kutoka ncha ya kidole. Damu ilipashwa moto ndani ya chupa iliyofungwa, kileo kikageuka mvuke na kuathiri kemikali iliyokuwa chini yake. Kiasi cha kemikali kilichosalia kilifichua kiasi cha kileo.

Hata hivyo, damu huchukuliwa saa kadhaa baada ya ajali. Widmark aliwanywesha pombe iliyopimwa wanaume 20 na wanawake 10, kisha akafuatilia damu yao. Aligundua kwamba kileo hupungua kwa mwendo wa karibu sawa, wastani wa gramu 0.15 kwa kila kilo ya damu kwa saa. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1932 katika kitabu kwa Kijerumani.

Kwa hesabu hiyo, dereva aliyekutwa na gramu 0.5 saa tatu baada ya ajali hukadiriwa kuwa alikuwa na gramu 0.95. Tofauti hiyo yaweza kumtia mtu hatiani au kumwachia huru.

Hapo ndipo penye hatari. Wastani si mtu: wapo ambao miili yao huondoa kileo polepole kuliko wengine. Aidha, aliyekunywa muda mfupi kabla ya ajali huenda kileo chake kilikuwa bado kinapanda, na kurudisha hesabu nyuma humwonea.

Sweden iliruhusu kipimo cha damu kisheria mwaka 1934, na mwaka 1941 ikaweka kikomo cha gramu 0.8. Leo kikomo hicho ni gramu 0.2. Widmark alifariki mwaka 1945, lakini kanuni yake ingali ikitumiwa na wataalamu mahakamani, nao hulazimika kueleza pia mipaka yake.