Chifu Luthuli, mgonjwa wa soka aliyewanyima Makaburu usingizi

DESEMBA 10, 1961, siku moja tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru, Albert Luthuli alikuwa Oslo, Norway, akipokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Afrika kuipata. Wengi wanamjua kama kiongozi wa ANC. Wachache wanajua mzee huyo alikuwa shabiki wa mpira wa kutupwa.

Soka lilimnasa akiwa mwalimu Chuo cha Adams, karibu na Durban, alikosimamia mpira wa wanafunzi. Kwenye kitabu cha maisha yake alikiri kabisa kwamba mechi ikianza hajiwezi. Alipenda pia watu aliokutana nao uwanjani, kuanzia waheshimiwa hadi wahuni wa mtaani. Bila shaka ilimsaidia, maana aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa mpira haogopi kikao cha chama.

Mwaka 1936 akawa chifu wa Groutville, kijijini kwao. Mwaka 1952 serikali ikamwambia achague, uchifu au ANC. Akagoma kuiacha ANC, akavuliwa uchifu, na Desemba hiyohiyo wanachama wakamchagua kuwa rais wao. Kuanzia hapo ni marufuku juu ya marufuku. Asitoke eneo lake, asihudhurie mikusanyiko, na baadaye hata magazeti yakakatazwa kuchapa maneno yake.

Huku nje, mpira nao ulikuwa umeanza kuwabana Makaburu. Mwaka 1957, kwenye Kombe la Afrika la kwanza kule Khartoum, Afrika Kusini walitaka kuleta timu ya wazungu watupu au ya weusi watupu. Caf wakakataa, mashindano yakachezwa na timu tatu tu. Fifa ikawasimamisha Septemba 1961, kisha 1963 ikawafungulia mlango. Hapo ndipo wakubwa wa soka lao walipokuja na kituko cha karne: Kombe la Dunia 1966 waende wazungu, 1970 waende weusi. Yaani unapangiwa zamu ya kuvaa jezi ya nchi yako mwenyewe! Oktoba 1964, kwenye mkutano wa Tokyo, Waafrika walisimama kidete na Fifa ikawasimamisha tena.

Julai 21, 1967, Luthuli alifariki karibu na reli jirani na kwake. Serikali ilisema amegongwa na treni. Familia haikukubali.

Fifa iliwafukuza kabisa mwaka 1976. Walirudi 1992 na mechi ya kwanza ikapigwa Durban, mwendo mfupi tu kutoka Groutville. Weusi na wazungu ndani ya jezi moja, Cameroon wakalala 1-0 kwa penalti ya Doctor Khumalo.

Kazi haijaisha. Juni 2024, mashabiki watatu wa Valencia walihukumiwa miezi minane jela kwa kumtukana Vinícius Júnior kwa sababu ya rangi yake.

Na Oktoba 2025, mahakama ya Pietermaritzburg ilitengua matokeo ya uchunguzi wa 1967 na kusema Luthuli hakugongwa na treni, alipigwa na polisi wa usalama hadi kufa. Familia ilikuwa imesubiri miaka 58.