Ignaz Semmelweis: daktari aliyewataka wenzake wanawe mikono

Mwaka 1847 daktari mmoja mjini Vienna, Austria, aligundua njia ya kuokoa maisha ya akina mama wanaojifungua. Hesabu zilikuwa upande wake, lakini madaktari wengi walimkatalia. Hadi leo wanafalsafa na wanasosholojia wanarudi kwenye maisha yake kueleza jinsi sayansi inavyopata ujuzi, na kwa nini mara nyingine inachelewa kubadilika.

Wodi mbili, vifo tofauti

Ignaz Semmelweis alizaliwa Julai 1, 1818, mjini Buda, ambao sasa ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungary. Alisomea udaktari Vienna, na mwaka 1846 akawa daktari msaidizi katika wodi ya wazazi ya Hospitali Kuu ya mji huo.

Wodi za wazazi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari pamoja na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka huo wa 1846, wanawake 4,010 walijifungulia wodi ya kwanza na 459 wakafa, yaani zaidi ya 11 katika kila 100. Kwa wakunga hawakufika watatu katika kila 100. Ugonjwa uliowaua wengi ulikuwa homa ya uzazi. Habari zilienea mitaani, na wapo wanawake waliolia wakiomba wasipelekwe kwa madaktari.

Alivyolitafuta jibu

Wengi walisema homa hiyo inaletwa na hewa chafu. Semmelweis akajiuliza: mbona hewa ni ileile na wodi ya wakunga iko salama? Wengine walisema ni msongamano, kumbe wodi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi. Ikasemwa pia kuwa wagonjwa wanaogopeshwa na kengele ya padri anayepita kuwaombea wanaokufa. Padri akabadilisha njia na kengele ikanyamaza, lakini vifo vikabaki vilevile.

Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu wakati wa kupasua maiti. Aliugua na kufa kwa dalili zilizofanana na za wale akina mama. Hapo Semmelweis akaelewa: madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti, kisha wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Mikono yao ndiyo iliyobeba sumu. Wakunga hawakupasua maiti.

Mwezi Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwaka 1848, vifo katika wodi ya kwanza vilishuka hadi karibu mmoja katika kila 100.

Falsafa inasemaje?

Mwanafalsafa Carl Hempel, mzaliwa wa Ujerumani, aliitumia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1966. Kwake, Semmelweis ni mfano wa mwanasayansi anayetoa dhana, anaipima, na ikishindwa anaiacha. Na dhana ikifaulu si mwisho wa kazi. Baadaye wanawake 11 kati ya 12 walikufa baada ya madaktari kumpima mgonjwa mwenye kidonda kinachooza, kisha kuwapima wao. Semmelweis akalazimika kupanua maelezo yake: sumu haitoki kwa maiti tu.

Sosholojia inasemaje?

Wanasosholojia wanauliza swali jingine: ushahidi ulikuwepo, kwa nini haukukubaliwa? Wanatazama watu na vyeo vyao. Kukubali kulimaanisha daktari mwenye heshima zake akiri kwamba mikono yake imeua. Mkuu wa wodi, Johann Klein, hakuafiki, na mwaka 1849 mkataba wa Semmelweis haukuongezwa. Zaidi ya hayo, hakuna aliyeweza kumwonyesha mtu sumu hiyo kwa macho, na yeye mwenyewe hakutoa kitabu chake hadi miaka zaidi ya 10 ilipopita.

David Bloor wa Uingereza aliandika mwaka 1976 kwamba swali hili lazima waulizwe wote, waliopatia na waliokosea. Basi waliomuunga mkono nao wachunguzwe: Ferdinand Hebra na Josef Škoda walikuwa walimu wa kizazi kipya, waliokuwa wakivutana na wakubwa wa zamani.

Mwisho wake

Semmelweis alirudi Hungary, akapunguza vifo huko pia. Lakini aliandika barua za wazi akiwaita wapinzani wake wauaji, na uadui ukazidi. Mwaka 1865 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna. Wiki mbili baadaye, Agosti 13, alifariki kwa kidonda kilichooza, akiwa na miaka 47.

Katika miaka iliyofuata, kazi za Louis Pasteur na Joseph Lister kuhusu vijidudu ziliwafanya madaktari waamini alichosema.

Falsafa inatuonyesha kwa nini alistahili kuaminiwa. Sosholojia inatuonyesha kwa nini hakuaminiwa. Ukichukua moja na kuacha nyingine, hutaelewa kwa nini akina mama waliendelea kufa wakati dawa ilikuwa ndani ya beseni la kunawia.