Ibn Sina na Mlio wa Masikioni

Miaka sita nilikaa Nyatike, katika Kaunti ya Migori, nikihesabu magunia penye vinu vya kusagia mawe ya dhahabu. Mimi ni mtu wa Mombasa; riziki ndiyo iliyonipeleka huko bara. Vinu vile havinyamazi mchana kutwa, na nilipoacha kazi nikatambua kwamba vimenifuata. Usiku, watu wakishalala, sikio langu la kushoto hulia kama nyenje. Msomaji aliyepatwa na maradhi haya anajua jinsi mlio ule unavyoipokonya akili ya mtu hata akiwa katika sala.

Mwaka jana, mjini Homa Bay, mtu mmoja alinionyesha kijitaa cha leza chenye mwanga mwekundu hafifu. Alinieleza kwamba nikikielekeza sikioni kila siku, mwanga wake utazipa nguvu chembe zilizochoka huko ndani na mlio utakoma. Bei yake ilikuwa sawa na kodi yangu ya miezi mitatu. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikaanza kukusanya fedha. Kabla sijazitoa, nilipita Kendu Bay, kando ya ziwa, ambako Waislamu wameishi tangu zamani. Maalim mmoja aliposikia habari yangu aliniazima kitabu cha maisha ya Ibn Sina. Nayasimulia hapa kwa ufupi, maana yamenifaa.

Abu Ali al-Husayn bin Abdullah bin Sina alizaliwa mwaka 980, sawa na 370 Hijria, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani, na alipofika 16 alikuwa akitibu wagonjwa. Amiri Nuh bin Mansur alipougua, kijana huyu aliitwa pamoja na matabibu wakubwa. Amiri akapona, na Ibn Sina akaomba ruhusa ya kusoma katika maktaba yake.

Baada ya baba yake kufariki na dola ile kuanguka, maisha yake yakawa ya safari. Alipita Gurganj, Jurjan na Rayy, akafika Hamadan, akamtibu mtawala Shams al-Dawla, naye akamfanya waziri. Askari wakaasi na kuipora nyumba yake. Baadaye alifungwa ngomeni, kisha akatorokea Isfahan akiwa amevaa mavazi ya masufi. Katika taabu hizo zote aliandika Al-Qanun fi al-Tibb, vitabu vitano, ambavyo vilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kusomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Katika kitabu cha tatu ameutaja mlio wa masikioni pamoja na maradhi mengine ya sikio. Hakupatia yote. Leo inajulikana kwamba kelele nyingi huharibu chembe nyororo zenye vinywele ndani ya sikio, nazo zikifa hazioti tena. Lakini katika kitabu cha pili aliweka kanuni za kuijaribu dawa, na hizo ndizo zilizonishika mkono. Mojawapo ni kwamba dawa isisifiwe kwa kumfaa mtu mmoja. Nguvu yake ionekane mara kwa mara kwa wengi. Nyingine ni kwamba ijaribiwe kwa binadamu, kwani linalomfaa mnyama huenda lisimfae mtu.

Nikaipima leza kwa mizani hiyo. Mwaka 1967 daktari Endre Mester, huko Budapest, aliwamulika panya walionyolewa kwa leza hafifu, akaona manyoya yao yakiota upesi zaidi. Hapo ndipo matumaini yalipoanzia, yakaenea kwenye vidonda na hatimaye masikioni. Lakini wagonjwa wa mlio walipogawanywa, hawa wakapewa mwanga wa kweli na wale taa isiyotoa kitu, majaribio hayakukubaliana. Machache yalionyesha nafuu; katika mengine makundi yote mawili yalitoka sawasawa. Dawa ya namna hiyo haijatimiza sharti la bwana yule.

Ibn Sina alifariki Hamadan katika Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037. Msokoto wa tumbo ulimshinda, naye alikuwa bingwa wa kuutibu. Alipoona nguvu zimemwishia aliacha dawa, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake na kushika kusoma Kurani. Hakujidanganya juu ya mwili wake mwenyewe.

Nami sikukinunua kijitaa kile. Nilikwenda kupimwa usikivu, na usiku huwasha redio kwa sauti ya chini, mlio ukamezwa kidogo nikapata usingizi. Haujaondoka. Sehemu ya fedha zile niliwanunulia vizibo vya masikio vijana wawili walioshika kazi yangu Nyatike, ambao masikio yao bado ni mazima.